Uchambuzi wa kisa: Familia ya watu watano na kodi ya miezi mitatu ya mbele, Manispaa ya Kira

Kabla ya kuanza

Majina hayamo humu. Mume nimemwita Fundi, mke Mwalimu, na mwenye nyumba Hajati, kwa kuwa hata mtaani watu kama hao huitwa hivyo hivyo. Vijiji sikuvitaja, na tarakimu mbili tatu nimezisogeza kidogo ili mtu asitambulike. Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba cha wazungumzaji wa Kiswahili upande wa mashariki wa Kampala. Nilikuwa ndani ya kisa hiki tangu Desemba hadi siku hati iliposainiwa, na baadhi ya makosa ninayoyaeleza ni ya kikundi chetu.

Mazingira

Fundi anachomelea vyuma Katwe, mjini Kampala. Wiki nzuri humwingizia shilingi 400,000, wiki mbaya 150,000 au hata pungufu. Mwalimu anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya binafsi iliyomo ndani ya Manispaa ya Kira, kwa mshahara wa 650,000, ila mwezi wa likizo hupewa nusu. Kwa mwezi wa kawaida walijihesabia kipato cha 1,450,000. Wana watoto wawili, wa miaka 9 na 6, na mpwa wa Fundi, binti wa miaka 15, aliyeletwa kutoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, aje kusoma.

Walikuwa wakikaa Kireka, katika nyumba za safu ambazo Kampala yote huita mizigo: vyumba viwili, bomba moja uani, choo cha kushirikiana na familia nne. Kodi ilikuwa 300,000. Mwanzoni mwa Desemba mwenye nyumba aliwaambia kiwanja kimeuzwa, wahame ifikapo mwisho wa Januari. Hakuwaonea. Aliwapa karibu miezi miwili, na wapo wanaopewa siku tatu.

Mwalimu ndiye aliyesema kwamba sasa wasitafute mizigo tena. Binti wa miaka 15 alikuwa akilala sebuleni, godoro likitandikwa usiku baada ya wageni kuondoka na kukunjwa alfajiri kabla baba hajaamka. “Huyu ameshakuwa mtu mzima, Baba,” alimwambia mumewe mbele yangu. “Anahitaji mlango wa kufunga.” Kuanzia hapo hesabu yote ilifuata mlango huo. Walitaka vyumba viwili vya kulala, sebule, na choo cha ndani, kwa kodi isiyozidi 500,000. Akiba yao ilikuwa 1,400,000.

Jambo moja halikuonekana mapema, hata na mimi. Muhula wa kwanza hufunguliwa Februari, na karo ya watoto wawili ilikuwa 780,000. Kuhama na karo vingeangukia wiki moja, mara tu baada ya mwezi ambao Mwalimu anapokea nusu mshahara.

Kilichotokea

Nyumba ya kwanza ilikuwa Seeta, upande wa Mukono. Kodi 380,000, ua mpana, miembe miwili. Fundi aliipenda siku ile ile. Tulikaa na kalamu. Kutoka Seeta teksi, yaani basi dogo la abiria, ilikuwa 4,000 hadi mjini na 1,000 nyingine hadi Katwe, yaani 10,000 kwa siku, 260,000 kwa siku 26 za kazi. Kutoka Kireka alikuwa akitumia 7,000 kwa siku, yaani 182,000. Mwalimu naye angehitaji boda mbili kila asubuhi kufika shuleni. Unafuu wote wa kodi uliishia barabarani, tena bado hujahesabu saa mbili za foleni. Wakaiacha.

Nyumba ya pili ndiyo iliyowaumiza. Ilikuwa bondeni, chini ya Kyaliwajjala, nyumba ya vigae, rangi mpya, mageti yenye mng’aro. Dalali alimtajia Fundi 450,000. Rafiki wa Mwalimu anayefundisha naye alipiga simu jioni ile akaulizia nyumba hiyo hiyo kwa Kiganda, akaambiwa 400,000. Kiganda cha Fundi ni cha sokoni, na dalali alikuwa amemsikia akiongea Kiswahili kwenye simu. Hili linawakuta watu wetu wengi, na linaudhi.

Bei ikashushwa hadi 400,000. Ilikuwa Jumamosi, Januari, jua kali, barabara ya vumbi. Dalali alisema kuna mtu wa benki anakuja jioni na pesa taslimu. Fundi alituma 200,000 kwa simu “za kushikilia nyumba”. Hakupewa karatasi, na namba aliyotumia ilikuwa ya dalali mwenyewe.

Jumapili Mwalimu akaenda kuiona. Aliniita nikatembee naye, nami naeleza nilichokiona kwa macho yangu. Sebuleni, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta ya kijivu, na juu yake rangi ya maji ya krimu. Ukiangalia haraka unadhani ni urembo. Mwalimu alichuchumaa nyuma ya mlango, mahali brashi haikufika vizuri, akakwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na mstari wa kahawia, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, na chembe za udongo mkavu zikamwagikia kiganjani mwake. Akanionyesha bila kusema neno.

Ng’ambo ya njia palikuwa na mama anayechoma mihogo. Tulinunua ya elfu moja, tukamuuliza habari za mtaa. Alijibu kwa upole kabisa kwamba Aprili watu wa nyumba ile huweka magodoro juu ya kabati. Familia iliyotangulia ilihama Mei, iliyokuwa kabla yao ilihama Novemba. Tukaangalia pia umeme: mita moja ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba nne. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa kwa bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani, lakini mita ikiwa moja kwa kaya nne, unafuu huo huisha siku za mwanzo na nyote mnaanza kulipa bei ya juu zaidi.

Dalali alipoombwa pesa alisema ameshazifikisha kwa mwenye nyumba. Msimamizi wa nyumba akasema hakuna shilingi iliyomfikia, na kwamba madalali watatu walikuwa wakiionyesha nyumba ile. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Dalali aliitwa, akaja siku ya tatu, akarudisha 80,000, akaahidi zilizobaki. Hadi leo hazijaja.

Akiba ikawa 1,280,000. Zimebaki wiki mbili.

Nyumba ya tatu haikupitia kwa dalali. Mzazi mmoja wa shuleni alimwambia Mwalimu kwamba Hajati mmoja upande wa Namugongo ana nyumba tatu kwenye mwinuko na moja imebaki wazi. Vyumba viwili, choo cha ndani, mita yake yenyewe ya Yaka, tanki la maji. Madirisha hayakuwa na grili, na mlango wa nyuma ulikuwa wa mbao tu. Kodi 550,000, miezi mitatu ya mbele na amana ya mwezi mmoja, jumla 2,200,000.

Maamuzi na sababu zake

Safari ya kwanza kwa Hajati, Fundi na Mwalimu walikwenda kuomba bei. Walisalimu, wakapewa chai, wakaomba 480,000. Hajati alikataa kwa adabu. Wakaomba 500,000, akakataa tena, na mtoto wake wa kiume akaanza kuangalia saa. Walirudi wamevunjika moyo.

Usiku ule tulikaa tena na kalamu. Nilimuuliza Mwalimu: akikupunguzia 50,000 leo hii, unahama? Akajibu hapana, miezi mitatu na amana bado itakuwa milioni mbili, na milioni mbili hatuna. Tukanyamaza kidogo. Wakati wote walikuwa wakipigania kitu ambacho hata wangekishinda kisingewaingiza ndani ya nyumba. Mzigo wao ulikuwa fungu la mwanzo. Kodi ya kila mwezi wangeibeba, kwa taabu, lakini wangeibeba.

Kwa hiyo safari ya pili Fundi alianza kwingine. “Mama, bei yako tumeikubali,” alisema. “Ila pesa za kuingilia ndizo zinatushinda. Tunaomba tulipe miezi miwili ya mbele. Na amana, mimi ni fundi wa vyuma. Madirisha yako hayana grili. Wewe nunua vyuma, mimi nitachomelea grili zote na mlango wa nyuma, kazi yangu tuihesabu ndani ya amana.”

Hajati alimtazama, kisha akamtazama mtoto wake. “Mwanangu, bei ya nyumba sishushi, nikishusha kwako wale wawili nao watakuja,” alisema. “Lakini namna ya kulipa, hiyo tunaongea.” Wakatembea nyumba nzima wakihesabu madirisha. Kazi ikathaminiwa 300,000, na 250,000 zilizobaki za amana zikaahirishwa hadi mwisho wa Machi.

Hapo pesa za kuingilia zikawa 1,100,000. Pikapu ya kuhamia 120,000. Mwalimu alikwenda kwa mhasibu wa shule ya watoto, akakubaliwa kulipa nusu ya karo, 390,000, na nusu katikati ya muhula. Jumla 1,610,000 dhidi ya 1,280,000. Pengo 330,000, kwa sababu mapato yote ya Januari yalikuwa yameshaliwa na chakula na nauli.

Fundi alipata mkopeshaji wa mtaani aliyekuwa tayari kumpa siku hiyo hiyo, kwa riba ya 20% kwa mwezi, na kitambulisho cha taifa kibaki kwake. Mwalimu alikataa katakata. Kwa mkopo ule wangelipa 66,000 za riba kila mwezi kabla ya kugusa deni lenyewe, na mtu asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu wala hafungui akaunti. Wakaja kwetu. Kanuni yetu ilisema mkopo hujadiliwa kwenye mkutano wa mwezi, na mkutano ulikuwa umepita siku nne kabla. Ilinibidi niwapigie simu wajumbe mmoja mmoja kwa siku tano nzima hadi 350,000 zikatoka. Siku tano hizo Hajati alipokea wapangaji wengine wawili waliokuja kuangalia. Alisubiri kwa sababu alikuwa ameahidi, na namshukuru.

Kuhusu hati, mtoto wa Hajati hakuitaka. Wenye nyumba wengi hawapendi karatasi, na sababu moja wanaisema kwa sauti ya chini: mtu binafsi hutozwa ushuru wa 12% juu ya mapato ya kupangisha yanayozidi 2,820,000 kwa mwaka. Sikubishana naye juu ya ushuru. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka makubaliano yenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi yawe kwa maandishi, ama sivyo hayana nguvu mahakamani, na kwamba karatasi inamlinda mama yake vile vile siku mpangaji akigoma kulipa. Hajati mwenyewe ndiye aliyemaliza: “Andikeni. Mimi nimezeeka, nasahau.”

Ilikuwa ukurasa mmoja, niliuandika kwa Kiingereza nikausoma kwa Kiswahili aya kwa aya. Kodi kwa shilingi za Uganda, risiti kwa kila malipo, grili na thamani yake, tarehe ya amana iliyobaki, na kwamba kodi ikipanda haitapanda zaidi ya 10% kwa mwaka, kama sheria hiyo hiyo inavyosema. Mwenyekiti wa LC1 alishuhudia na kugonga muhuri.

Kabla ya kusaini, Mwalimu alifanya jambo moja ambalo sasa namwambia kila mtu alifanye. Alinunua Yaka ya 5,000 kwa namba ya mita ya nyumba ile. Ujumbe uliporudi kwenye simu, uniti zilikuwa chache mno, na sehemu ya pesa ilikuwa imekatwa kulipa deni la zamani. Hajati hakulijua. Mpangaji aliyetoka alikuwa ameliacha kimya kimya. Wakaandika kwa kalamu pembeni mwa hati kwamba deni hilo ni la mwenye nyumba na litatolewa kwenye kodi ya mwezi wa tatu wa upangaji. Wote wawili wakaweka sahihi pale pembeni.

Matokeo

Walihamia tarehe 31 Januari. Binti alipata chumba pamoja na mdogo wake wa kike, na mlango unafungwa.

Mvua za Machi hadi Mei zilipita. Paa lilivuja mahali pamoja, likazibwa. Maji hayakuingia ndani. Lakini barabara ya udongo ya kushuka hadi steji ilikuwa haipitiki, na boda iliyokuwa 1,500 ikawa 3,000 kila mvua inyeshapo. Hilo hatukulihesabu, ingawa tulikuwa tumehesabu nauli za Seeta hadi shilingi ya mwisho. Aprili peke yake boda ziliwala karibu 70,000 zaidi ya walizopanga. Kisha ikaja tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji wakiwa wamejaa Namugongo tangu siku kadhaa kabla. Teksi zilikuwa adimu, barabara zimefungwa, na Fundi alipoteza siku mbili za kazi.

Amana iliyobaki ililipwa Aprili, mwezi mmoja baada ya tarehe. Mei, Mwalimu alipopata tena nusu mshahara, kodi ilichelewa siku 10. Hajati alipiga simu mara moja, akaelezwa, akasubiri. Mkopo wetu waliumaliza Juni. Kodi inachukua 38% ya kipato chao cha kawaida, na hiyo ni nzito. Nyama imekuwa ya Jumapili tu. Sitaki msomaji adhani mambo yalinyooka.

Wakati naandika, mwaka unaisha na Hajati ametaja 600,000. Iko ndani ya 10%, kwa hiyo ana haki. Fundi anamwomba 580,000 na amejitolea kutengeneza geti la nje.

Uchambuzi

Kilichowaokoa zaidi ni kutofautisha kodi na fungu la kuingilia. Mtu mwenye kipato cha kupanda na kushuka kama Fundi hukwama mlangoni, wala si ndani. Mwenye nyumba naye ana sababu zake za kushikilia bei: akiishusha kwa mmoja, wapangaji wengine watasikia kabla ya Ijumaa, na kuipandisha tena ni shida. Idadi ya miezi ya mbele ni siri ya watu wawili, na haipunguzi thamani ya nyumba yake hata shilingi. Ndiyo maana Hajati alikataa 50,000 ndogo, akakubali kuwaingiza kwa 1,100,000 badala ya 2,200,000. Grili nazo zilifanya kazi ya ziada, kwa sababu zilimwonyesha mtu anayejenga, na ghafla mtoto wake aliacha kuangalia saa.

Jicho la Mwalimu nalihesabu pia. Januari ni mwezi wa kudanganyana kuhusu nyumba za bondeni. Sasa nikiongozana na mtu natazama nyuma ya milango, chini ya sinki na kwenye miguu ya vitanda vya majirani, maana mguu wa kitanda ulioliwa na maji hauwezi kupakwa rangi kirahisi. Na muuza mihogo hana kamisheni.

Kilichoshindikana kwanza ni zile 200,000. Fundi si mjinga. Alikuwa amechoka, ameona nyumba mbili katika siku moja, na hadithi ya mtu wa benki ilimkuta na hofu ya tarehe 31. Nadhani kosa lilikuwa kumwacha aende peke yake akiwa na pesa kwenye simu. Tungekubaliana mapema kwamba hakuna kutuma chochote hadi wote wawili wameiona nyumba na mwenyekiti wa LC1 amethibitisha mwenye nyumba ni nani, pesa hiyo ingekuwepo. Mwenyekiti alimjua mmiliki wa nyumba ile kwa jina na kwa uso. Tulimfikia tukiwa tumeshaliwa, wakati tungeweza kumfikia kwa mwendo wa dakika 10 kabla.

Pili, hesabu ya usafiri. Tulipima umbali wa mjini tukasahau umbali wa kutoka steji hadi mlangoni wakati wa matope. Katika vitongoji hivi, kipande hicho cha mwisho ndicho chenye bei isiyotabirika.

Tatu ni sisi. Kikundi kilikuwa na pesa, familia ilikuwa mwanachama wa miaka mitatu isiyowahi kuchelewesha mchango, na bado kanuni yetu ilikaribia kuwasukuma mikononi mwa mtu wa riba ya 20%. Niliandika barua kwa wajumbe Machi. Ilichukua mikutano miwili yenye maneno makali. Wapo waliosema tukifungua mlango huo kila mtu atahama kila mwaka, na hofu yao ilikuwa na msingi. Mwishowe tulikubaliana: mkopo wa kuhama hadi 400,000 unaweza kutolewa kwa sahihi za wajumbe watatu ndani ya saa 48, baada ya mmoja wao kwenda kuiona nyumba na hati kuonyeshwa. Hadi sasa umetolewa mara mbili, na nyumba zote mbili nilikwenda kuziona mwenyewe, nikakwaruza nyuma ya milango.